Stata Haifi Ghafla: Fungua Boneti Kabla ya Kufungua Pochi



Msimu unakaribia. Huku kwetu Usangu mvua zikishaanza kudondoka kati ya Novemba na Desemba, kila mwenye shamba anataka trekta siku hiyo hiyo. Ndicho kipindi ambacho simu yangu huita kwa jambo lisilohusu mbegu wala mbolea: "Mtaalamu, trekta limegoma kuwaka. Fundi anasema stata imekufa. Tununue nyingine?"

Jibu langu huwa ni moja: msinunue kwanza. Leo nataka nieleze kwa nini, maana naona fedha za vikundi na za familia zinapotea hapa kila mwaka.

Msimamo wangu ni huu. Stata nyingi ninazoziona ziking'olewa huku vijijini hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye betri, kwenye waya au kwenye kichwa cha betri kilichoota kutu. Na zile zilizokufa kweli, nyingi zimeuawa taratibu na namna tunavyowasha injini. Kwa hiyo anayetaka kuacha kununua stata kila msimu inambidi ajue mambo mawili: jinsi inavyofanya kazi, na jinsi tunavyoiua.

Wapo watakaoniuliza, afisa ugani na stata wapi na wapi? Mimi nasema kanuni ya kwanza tunayowafundisha wakulima ni kupanda kwa wakati. Trekta likisimama siku nne katikati ya msimu, foleni ya wateja inasogea, unyevu wa kwanza unapita, na mbegu bora niliyokushauri ununue inabaki stoo. Hilo ni suala la ugani kabisa.

STATA INAFANYA KAZI GANI?

Injini haiwezi kujianzisha yenyewe. Injini ya dizeli inahitaji kuzungushwa kwanza kwa kasi ya kutosha ili hewa ndani ya silinda ibanwe hadi ipate joto la kuwasha dizeli. Ikizungushwa polepole, hewa inapoa na kuvuja kabla ya kufikia joto hilo, na injini haiwaki hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Zamani kazi hiyo ya kuzungusha ilifanywa kwa mkono kwa hendeli, kama pawatila nyingi zinavyowashwa hadi leo. Ukishawahi kupigwa na hendeli iliyorudi nyuma unajua habari yake. Kule Marekani watu walivunjika mikono kwa kuwasha magari hivyo, mpaka mhandisi Charles Kettering alipotengeneza stata ya umeme iliyowekwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Kabla ya hapo Kettering alikuwa amefanya kazi kwenye kampuni ya mashine za kuhesabia fedha za dukani, akaziwekea mota ndogo ya umeme. Alichokijua ni kwamba mota inayofanya kazi kwa muda mfupi tu inaweza kuwa ndogo na bado ikabebeshwa mzigo mkubwa, mradi ipate kupumzika.

Shika neno hilo: mradi ipate kupumzika. Stata ni mota ya kazi nzito ya sekunde chache. Haikutengenezwa kuzunguka dakika nzima.

Sasa tufuate umeme wenyewe. Unapogeuza funguo, umeme mdogo unatoka kwenye swichi kwenda kwenye solenoidi, lile kopo dogo lililolala juu ya stata. Solenoidi inageuka sumaku na kuvuta chuma kilicho ndani yake. Chuma hicho kinafanya kazi mbili kwa mvuto mmoja. Kwanza kinasukuma gia ndogo ya stata, ambayo mafundi huiita bendiksi, iingie kwenye meno ya flaiwili ya injini. Pili, kinabana sahani ya shaba kwenye boliti mbili kubwa, na hapo ndipo umeme mwingi kutoka kwenye betri unapoingia kwenye mota yenyewe.

Ndani ya mota kuna amecha inayozunguka. Umeme unaifikia kupitia vipande vya kaboni vinavyosuguana na shaba ya mviringo iliyo mwisho wa amecha. Amecha inazunguka juu ya bushi mbili au tatu. Bendiksi ina meno machache, mara nyingi kama 9 au 10, wakati flaiwili ina meno zaidi ya 100. Ndiyo maana mota ndogo inayobebeka kwa mikono miwili inaweza kuzungusha injini nzito ya trekta. Injini ikishawaka, bendiksi ina klachi ya upande mmoja inayoiruhusu iteleze, ili flaiwili isiizungushe amecha kwa kasi ya kuivunja. Ukiachia funguo, springi inarudisha kila kitu mahali pake.

HESABU NDOGO YA KUKUOKOLEA FEDHA

Taa za trekta zinatumia ampea chache tu. Stata ya injini ya dizeli inaweza kunywa ampea 300 au zaidi wakati inazungusha injini. Tofauti hii ndiyo inayowachanganya watu wengi. Mtu anawasha taa, zinawaka vizuri, anasema "betri nzima, basi stata ndiyo mbovu." Taa kuwaka ni ushahidi kwamba kuna umeme wa kuwasha taa. Hazithibitishi kwamba kuna umeme wa kuzungusha injini.

Angalia kutu nayo. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye kichwa cha betri unaweza kuleta ukinzani mdogo sana, tuseme sehemu 1 ya 100 ya omu. Kwa taa hautausikia. Lakini ampea 300 zikipita hapo, volti 3 zinapotea njiani. Betri yako ya volti 12 ikiwa na mzigo huo imeshashuka hadi kama volti 10. Toa 3, stata inapata 7. Itagonga mara moja na kunyamaza, au itazunguka kama mgonjwa. Fundi mwenye haraka ataing'oa. Utanunua nyingine, na wakati wa kuifunga atafungua vichwa vya betri na kuvikwangua, trekta litawaka, na nyote mtaamini stata mpya ndiyo iliyoponya.

Kikundi kimoja cha umwagiliaji kilikuwa tayari kimeshachangishana fedha za stata. Tulipofuata waya wa hasi kutoka kwenye betri tukakuta umefungwa kwenye bodi juu ya rangi na kutu, boliti imelegea unaweza kuizungusha kwa vidole. Tukakwangua mpaka chuma kikang'aa, tukakaza. Trekta likawaka kwa mara ya kwanza, na ile michango ikaenda kununua dizeli.

SIKILIZA SAUTI

Stata inasema shida yake ukiisikiliza. Mwambie mtu mmoja akae kwenye kiti, gia iwe huru, hendibreki imevutwa, ageuze funguo, nawe usikilize ukiwa pembeni mbali na magurudumu.

Kimya kabisa, taa zinawaka kwa nguvu: umeme haufiki kwenye solenoidi. Angalia swichi ya funguo, fyuzi, ule waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi, na swichi ya usalama. Matrekta mengi hayapigi stata mpaka gia iwe huru au klachi ikanyagwe, kwa hiyo anzia hapo kabla hujafungua kitu.

"Ta-ta-ta-ta-ta" ya haraka: mara nyingi betri iko chini au vichwa vyake vimelegea. Solenoidi inavuta, mzigo mkubwa unaingia, volti zinaporomoka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena.

"Ta!" moja nzito kisha kimya: solenoidi imevuta lakini mota haizunguki. Kama betri na nyaya ni nzima, shaba za ndani ya solenoidi zimeungua au kaboni zimeisha. Wapo wanaoigonga stata kwa nyundo ikazunguka. Hiyo ni salamu ya kaboni zilizokwisha. Itakuvusha siku hiyo tu. Ipeleke ifunguliwe kabla haijakugomea katikati ya jaruba.

Inazunguka kwa uvivu: betri, nyaya, au bushi zimelika mpaka amecha inasuguana na ukuta wa stata. Wakati mwingine injini yenyewe ndiyo nzito.

Stata inalia kwa kasi lakini injini haizunguki: bendiksi inateleza, au meno yameisha.

Mlio wa chuma kusaga chuma: meno yameharibika au boliti za kufungia stata zimelegea. Acha mara moja, maana meno ya flaiwili yakiisha utapasua trekta katikati ili kuyabadilisha, na gharama yake si ya stata tena.

Injini imewaka lakini stata inaendelea kulia: shaba za solenoidi zimegandana au swichi ya funguo imekwama. Zima injini, kisha ondoa waya wa betri haraka. Stata inaungua hapo kwa muda mfupi sana.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Mita ya umeme ya bei nafuu inatosha, na kikundi kinachomiliki trekta hakina sababu ya kukosa moja. Iweke kwenye volti za betri, kipimo cha 20, kisha pima hivi.

Kwanza, betri ikiwa imepumzika saa kadhaa. Volti 12.6 au zaidi maana yake imejaa. Volti 12.4 ni kama robo tatu. Volti 12.2 ni nusu. Volti 12.0 iko karibu kuisha. Ichaji kwanza kabla ya kuilaumu stata.

Pili, pima betri wakati stata inapigwa. Vuta waya wa kuzimia injini ili isiwake wakati unapima. Volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka hadi 8 au 7 na betri ilikuwa imejaa, betri imechoka ndani, au stata inakunywa umeme kupita kiasi.

Tatu, pima njia ya umeme. Weka ncha nyekundu kwenye kichwa chanya cha betri na nyeusi kwenye boliti kubwa ya stata inayopokea waya wa betri. Pigeni stata. Isizidi volti 0.5. Kisha weka nyekundu kwenye bodi ya stata na nyeusi kwenye kichwa hasi cha betri. Pigeni tena. Isizidi volti 0.3. Ukipata 1 au 2, umemkamata mwizi, naye si stata. Ni waya, kiungo au kutu.

Nne, injini ikiwa inaunguruma, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kitu, betri haichajiwi, na hata ukinunua stata tatu utarudi pale pale.

Huna mita? Piga stata mara mbili tatu kwa muda mfupi, halafu gusa viungo vya nyaya nene kimoja kimoja. Kilichopata moto ndicho kibovu. Pia washa taa kubwa na kupiga stata: zikizimika kabisa, anza na betri na vichwa vyake.

TUNAVYOZIUA WENYEWE

Kosa la kwanza ni kuipiga stata kwa muda mrefu. Sheria yangu ni sekunde 10, kisha pumzika angalau dakika 1 hadi 2. Injini isipowaka baada ya mara tatu, acha. Stata haina kazi ya kukutafutia ugonjwa wa injini. Angalia kama dizeli ipo, kama kichujio kimeziba, kama mfumo umeingiza hewa. Kwenye matrekta mengi ya zamani, angalia kama waya wa kuzimia umerudishwa ndani. Nimeona dereva akipiga stata mpaka moshi unatoka, kumbe waya wa kuzimia ulikuwa umevutwa tangu jana jioni. Dizeli ikikuishia, toa hewa kwa pampu ya mkono. Usiitoe kwa kupiga stata.

Kosa la pili ni maji na matope. Stata nyingi zimekaa chini ubavuni mwa injini. Ukitoka jarubani, usielekeze bomba la maji yenye nguvu pale. Futa kwa brashi na kitambaa. Maji yakiingia, bushi zinashika kutu na kaboni zinagandana kwenye nyumba zake. Wakati wa kiangazi vumbi nalo linafanya kazi hiyo hiyo taratibu.

Kosa la tatu ni kuacha oili ivuje. Oili au dizeli inayodondokea stata inachanganyika na vumbi na kuwa uji mweusi unaogandisha bendiksi na kuziba njia ya umeme kwenye kaboni. Wapo pia wanaopaka grisi nyingi kwenye bendiksi wakidhani wanaisaidia. Msipake. Grisi hiyo inakusanya vumbi na bendiksi inashindwa kurudi.

Kosa la nne ni boliti zilizolegea. Umeme wa stata unarudi kwenye betri kupitia bodi yake, kwa hiyo boliti za kuifungia ni sehemu ya njia ya umeme. Zikilegea unapata maafa mawili: umeme unakosa njia, na meno yanakutana vibaya.

Kosa la tano ni waya mwembamba. Waya wa betri ukikatika, usiunge kwa waya wa nyumbani ati kwa sababu umepitisha umeme. Nunua wa unene ule ule au unaozidi, wenye vichwa vilivyobanwa vizuri.

Kosa la sita ni kuitesa betri. Maji yakipungua ongeza maji ya betri ya dukani hadi yafunike sahani kwa kama sentimita 1. Usiongeze ya kisima wala ya mfereji, yana chumvi. Usiongeze asidi pia, kwa sababu kinachopungua ni maji, asidi inabaki. Na ifunge betri isicheze, maana mtikisiko wa shambani unaangusha sahani zake.

BISIBISI ITAKUUA

Hapa sina lugha laini. Kuna tabia imezoeleka ya kuwasha trekta kwa shoti: dereva anasimama chini, anaweka bisibisi au spana kwenye boliti za solenoidi, cheche zinaruka, injini inawaka. Madereva wengine wanaona ndio ufundi wenyewe.

Fikiria kinachotokea. Ile swichi ya usalama inayozuia trekta kuwaka likiwa kwenye gia, bisibisi imeiruka. Kiti hakina mtu. Aliyeshika bisibisi amesimama kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, kwa sababu ndipo stata ilipo. Kama gia imo, trekta linaondoka mara injini inaposhika, na gurudumu la nyuma linampitia mtu yule yule aliyeliwasha. Hana pa kukimbilia. Vifo vya namna hii vinajulikana duniani kote ambako kuna matrekta, na ndiyo maana watengenezaji wengine hubandika onyo pale pale kwenye stata na kuzifunika boliti zake kwa kifuniko. Kifuniko hicho mafundi wetu wanakitupa.

Najua utetezi upo: "Mtaalamu, swichi imeharibika, kazi itasimama?" Swichi ya funguo ni kitu kidogo na cha bei ndogo ukilinganisha na trekta, sembuse na mtu. Mwenye trekta anayejua dereva wake anawasha kwa bisibisi na akanyamaza, ameshafanya uamuzi, hata kama hakuusema. Mimi nashauri kila kikundi kiandike kwenye kanuni zake: trekta linawashwa kutoka kwenye kiti, kwa funguo, gia ikiwa huru. Likishindwa kuwaka hivyo, haliendi shambani.

Jamaa wa karibu wa tabia hiyo ni kuegesha trekta mlimani ili asubuhi lishuke na kuwaka kwa gia. Breki za matrekta yetu mnazijua. Na yule anayeliacha linaunguruma kutwa nzima kwa hofu ya kulizima, apige hesabu: tuseme linakula lita 2 kwa saa likiwa limesimama, na linasimama saa 2 kwa siku. Kwa siku 30 za msimu ni lita 120. Zidisha kwa bei ya dizeli ya leo kisha uniambie kama hujashanunua stata.

STATA IKIWA IMEKUFA KWELI

Ipo siku itakufa, ni kifaa kama vingine. Hapo ushauri wangu ni ukarabati kwanza, hasa kama ni ile iliyokuja na trekta. Kaboni, bushi na shaba za solenoidi ni vitu vya kulika, vilitengenezwa vibadilishwe. Amecha ikiwa haijaungua na nyumba haijapasuka, fundi mzuri wa umeme ataifufua kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya. Stata ya asili iliyokarabatiwa vizuri naiamini kuliko mpya ya kuiga yenye rangi inayong'aa na waya mwembamba ndani.

Ukimpelekea fundi, mwombe mambo matatu. Aifungue mbele yako. Akuoneshe alichokitoa na ukiondoke nacho mkononi. Na aipime ikiwa mezani kabla hujabeba: izunguke kwa nguvu na bendiksi itoke na kurudi. Fundi anayejua kazi hatakasirika kuombwa hivyo.

Ukinunua ya mtumba, chukua ya zamani uende nayo. Hesabuni meno ya bendiksi, linganisheni matundu ya boliti na upande inaozungukia, na muangalie ni ya volti 12 au 24. Kufanana kwa sura hakutoshi.

Wakati wa kuifungua au kuirudisha, anza kwa kuondoa waya wa hasi wa betri, na uwe wa mwisho kurudishwa. Waya unaotoka betri moja kwa moja hadi kwenye stata hauna fyuzi. Spana ikigusa bodi, utaungua wewe na trekta. Betri inayochajiwa inatoa gesi inayolipuka, kwa hiyo sigara na kibatari vikae mbali. Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi papo hapo.

UTARATIBU NINAOUPENDEKEZA

Kila asubuhi: tazama vichwa vya betri na nyaya kwa macho, sikiliza stata inavyopiga. Ukisikia tofauti na jana, andika.

Kila wiki katika msimu: kaza vichwa vya betri, angalia maji yake, futa matope na oili kwenye stata.

Kila mwanzo wa msimu, mwezi mzima kabla ya mvua: safisha vichwa vya betri kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa, suuza, kwangua, kaza, kisha paka grisi kidogo juu yake. Kwangua kiungo cha waya wa hasi kwenye bodi. Kaza boliti za stata. Pima vile vipimo vinne na uviandike.

Kila msimu wa pili au wa tatu, kulingana na kazi: ifunguliwe, kaboni na bushi ziangaliwe kabla hazijaisha.

Kwa vikundi, nashauri daftari moja likae kwenye boksi la zana, lenye tarehe, volti na jina la dereva. Fedha ya kikundi ni ya watu wengi, na mwenyekiti atapumua kidogo siku mwanakikundi atakapouliza stata ya tatu imenunuliwa kwa nini.

Hii yote haimaanishi tumkwepe fundi. Namheshimu fundi, na mwenye ujuzi analipwa kwa haki. Ninachokataa ni mwenye mali kumpa fundi trekta kama mtu anayempa mganga mgonjwa aliyezimia, hajui kaugua lini wala nini kilitangulia. Ukifika ukamwambia "betri ina volti 12.6, ikipigwa haishuki chini ya 10, nyaya ziko sawa, na inalia ta moja," mazungumzo yanabadilika, na bili pia.

Mvua hazijaanza. Jumamosi hii chukua spana namba 13, msasa na kitambaa, ukafungue boneti. Ukikwama, mimi nipo ofisi ya kata siku za kazi, au tukutane shambani.